Mpiga Debe Kiwanja cha Gofu

Ukitaka kumkomoa mpiga debe wa Buhongwa, usimpige wala usimpeleke polisi. Mtafutie kazi ya gofu.

Riziki yangu ilikuwa kooni. Pale kituoni niliita "Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, mjiniii!" mpaka mama ntilie wa ng'ambo ya barabara ya Shinyanga akaniomba nipumzike kidogo, wateja wake wasikie bei ya sato. Mjomba wangu wa Dar es Salaam akanionea huruma. "Mpwa wangu," alisema kwenye simu, "kuna kazi ya kubeba mkoba wa fimbo. Unatembea kwenye majani, unalipwa." Mama akauliza kama hao wenye fimbo ni wachungaji. Mjomba akasema ni wakurugenzi. Mama akashangaa: mkurugenzi anafuata nini machungani bila ng'ombe? Nikapanda basi Nyegezi.

Usaili ulifanywa na mbeba mkoba (kedi) mkongwe, mzee ambaye vijana wote walimwita Mwalimu. Hakutaka cheti. Alinibebesha mkoba, tukazunguka mashimo yote 18 juani, kisha akaniangalia kama bado napumua. Akanitia moyo kwamba kazi hii haidharauliki: mwaka 1913 Francis Ouimet alitwaa ubingwa wa US Open huko Marekani, na aliyembebea mkoba ni Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10. Halafu akataja miiko. Mchezaji akijiandaa kupiga, hakuna kusogea, kukohoa wala kusema.

"Na kusalimia?"

"Hata kusalimia."

Kwetu Usukumani hupiti mbele ya mtu mzima kimya kimya, na salamu haiishi mpaka muulizane habari za mvua, ng'ombe na shangazi anayeumwa mguu. Sasa bosi wangu, mtu wa rika la baba, ameinama juu ya mpira, na "shikamoo" imenijaa mdomoni kama ugali wa moto.

Kanuni nyingine niliziheshimu. Mwalimu alitusimulia kwamba Kisumu, kwenye ziwa letu hilihili, waliwahi kuweka kanuni kuwa mpira ukitua karibu na kiboko au mamba, unaruhusiwa kuweka mwingine mahali salama bila adhabu. Na Jinja, Uganda, mpira ukidumbukia kwenye unyayo wa kiboko, ulikuwa unautoa bure. Vijana wa Dar walicheka. Mtu wa kanda ya ziwa hawezi kucheka. Kiboko akitokea, kwetu mpira ni wake, na fimbo, na mkoba, na ikibidi hata mkurugenzi.

Iliyotuponza ni kanuni ya fimbo 14. Ukizidisha, unaongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nazo, mwisho minne. Asubuhi moja ya mashindano nikahesabu za bosi: 15. Mwanawe alichomeka fimbo yake humo usiku. Nikafungua mdomo. "Sss!" Mwenzake anapiga. Tukasogea, nikafungua tena. Bosi akainua kidole. Baada ya shimo la pili, mpinzani ndiye aliyehesabu. Mikwaju minne. Bosi akanigeukia: "Wewe huna mdomo?"

Tulipofika shimo la saba, mkwaju wake ukapinda, mpira ukaelekea kwa watu wa shimo jirani. Hapo ndipo gofu huruhusu kelele: unapiga ukelele wa "Foo!" ili watu wajikinge. Nikatoa sauti yote ya Buhongwa, ile ya kumteremsha abiria aliyekwishapanda gari la wenzetu. Watu wakajikinga, tena sana. Walilala chini wa shimo lile na wa mashimo ambayo mpira usingeyafikia hata ungetumwa kwa basi. Mkata majani aliacha mashine ikitembea peke yake. Mheshimiwa mmoja kwenye grini, aliyekuwa anasukuma mpira taratibu kwenye kishimo cha milimita 108, aliutandika ukaishia mchangani. Mpira wa bosi haukumgusa mtu. Lakini aliyepinda mkwaju hakuulizwa neno. Nilishtakiwa mimi niliyeokoa watu.

Jioni Mwalimu akanikalisha chini ya mwembe. "Mwanangu, umenyamaza, imekuponza. Umepiga kelele, imekuponza. Sasa jifunze kusema."

"Niseme nini?"

"Utauona usoni kwa bosi."

Jumamosi iliyofuata bosi akapiga mpira ukaenda moja kwa moja kwenye bwawa, bila hata kupinda, kana kwamba ndiko alikolenga. Akasimama, mkono kiunoni, akanitazama. Ule uso nilikuwa naufahamu. Ni wa abiria anayeona gari tupu, dereva yuko kwenye chai, lakini ana hamu ya kuambiwa kwamba imebaki siti moja na tunaondoka sasa hivi. Watu wa namna hiyo nimewapakia wengi, na hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kumwambia ukweli.

Nikaangalia miti. Hakuna jani lililotikisika. Nikaangalia bendera ya shimo. Imelala.

"Upepo, bosi."

Akatikisa kichwa polepole. "Nimeusikia mimi mwenyewe," alisema.

Siku hiyo bakshishi ilizidi malipo yenyewe, na mchezo uliofuata akaniomba kwa jina. Tangu hapo, kila Jumamosi, kiwanja kile kina upepo mkali sana.