Mashine ya Jirani

Jirani yangu hapa Kibugu amenunua mashine ya kukata nyasi, ile ya kusukuma. Hongera. Mwingereza Edwin Budding aliibuni ya kwanza mwaka 1830, na kumbe muda wote huo ilikuwa ikisubiri kiwanja chake: kipande cha nyasi cha upana wa mikeka minne, kinachoteremka kuelekea mtoni kama paa la mabati.

Kwenye mteremko, mashine ya namna hii husukumwa kwa kukingama. Yeye huisukuma juu-chini. Akiteleza akiwa upande wa chini, mashine itamfuata kumsalimia vidole, na vidole vyenyewe vimevaa patipati.

Mpinini kuna chuma cha kubana. Ukikiachilia, injini inazimika. Amekifunga kwa kamba ya katani, eti mkono usichoke. Juzi nyasi zenye umande zikakwama, akainama azichokonoe kwa mkono, injini ikinguruma.

"Mzee, zima kwanza," nikamwambia. "Kisha uchomoe waya wa plagi."

"Nina haraka," akajibu.

Haraka ya nini, sijui, maana kokoto hakuziokota, na watoto wa kijiji kizima walikuwa wamejipanga uani kutazama maajabu. Kokoto ikigongwa na kisu kile hutoka kama risasi, wala haichagui mtazamaji.

Jirani, ng'ombe wangu yupo zizini. Hanywi petroli, hafungwi chuma, na nepia imemchosha. Nitume tu mtu amlete?