Muulize Bibi Besi: Masikio, Hedifoni na Ngoma za Kasi

Wiki hii barua zote ni za masikio. Ndoa zimepumzika, wakwe wamepumzika, hata mwenye nyumba wa Buguruni na wapangaji wake wamepumzika. Kila mtu anataka kujua avae nini asikie singeli, amapiano, hausi na tekno zilivyo. Bibi yenu anajibu kama kawaida yake, kwa upendo na bila kupaka mafuta.

Bibi Besi, shikamoo. Nimenunua hedifoni Kariakoo, kubwa, nyekundu, zimeandikwa BASS sehemu tatu. Amapiano zinapiga hadi taya linatetemeka. Nikiweka singeli nasikia uji unachemka. Nimeibiwa? – Mwenye Uji, Mbagala.

Marahaba mjukuu wangu. Hukuibiwa, umeuziwa ulichoomba. Hebu tupige hesabu. Amapiano inatembea kwenye mapigo 110 hadi 115 hivi kwa dakika, kwa hiyo pigo na pigo vimepishana nusu sekunde na ushei. Ile besi yake wanayoiita logi dramu imetengenezwa makusudi ivute, iteleze, ikae. Hedifoni zenye besi nzito inayochelewa kutulia zinaipendeza, maana nafasi ipo. Singeli haina nafasi hiyo. Vijana wa Manzese, Tandale na huko huko kwenu Mbagala wameipandisha hadi mapigo 200, na wengine wanafika 300. Kwenye mapigo 240 una robo sekunde tu kati ya pigo moja na la pili, na ndani ya robo hiyo kuna makofi, kinanda, vingoma vidogo vidogo na MC anayemwaga mistari bila kuvuta pumzi. Besi isipokuwa imenyamaza kabla pigo la pili halijafika, mapigo yanapandana. Huo ndio uji wako.

Kwa hiyo usiingie dukani ukauliza kama zina besi. Siku hizi zote zina besi, hata zile za kuning'inizwa kwenye kamba pale kituo cha daladala. Jambo la kuchunguza ni kama besi yake inajua kuacha. Boksi halitakusaidia. Hz 20 hadi Hz 20,000 imeandikwa kwenye boksi la elfu kumi na kwenye la laki tano, na hakuna linalokuambia hiyo Hz 20 inatoka kwa nguvu gani. Spika ya milimita 50 nayo ni ukubwa tu. Nenda na simu yako, na nyimbo mbili unazozijua hata ukiamshwa usingizini. Moja iwe ya kasi, kwa mfano kitu chochote kutoka Sounds of Sisso, ule mkusanyiko wa 2017 ambao Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliutoa kutokana na kazi za studio ya Sisso hapo Dar. Ya pili iwe hausi ya taratibu. Jaribu kuhesabu kiki, lile pigo zito la chini, kwa kidole kwenye ile ya kasi. Ukipotea, rudisha. Kisha sikiliza MC: maneno yake unayapata, au unapata mdundo wa mdomo tu? Muuzaji akikataa usijaribu, mshukuru uvuke barabara.

Na kabla hujatoa hela nyingine, ingia kwenye ikwalaiza ya simu yako. Zima kitufe cha kuongeza besi, kisha punguza kidogo kati ya Hz 150 na 250. Uzito wa kiki mara nyingi uko chini ya hapo, karibu Hz 50 au 60. Uchafu ndio unaokaa juu yake. Ikikubali, umeokoa nauli ya mwezi mzima. Isipokubali, basi hizo nyekundu ziachie amapiano, zinaelewana.

Shikamoo Bibi. Mdogo wangu wa kiume akivaa hedifoni zangu anasema besi inamtikisa. Nikizivaa mimi, zile zile, wimbo ule ule, nasikia sauti nyembamba isiyo na tumbo. Masikio yangu yana kasoro? – Dada Mtu, Tanga.

Marahaba. Umesuka? Unavaa miwani? Na mdogo wako bila shaka kanyoa. Besi ya hedifoni za kufunika sikio inategemea hewa iliyofungiwa kati ya spika na sikio lako. Mkono wa miwani ukipita pale, au mstari wa rasta ukiinua mto kidogo tu, hewa inatoroka, na inayoondoka nayo kwanza ni besi. Sauti za juu zinabaki, ndiyo maana unaona wembamba. Weka viganja juu ya hedifoni, bonyeza taratibu. Besi ikirudi, umempata mwizi.

Vuta rasta zote nyuma ya sikio kabla ya kuvaa. Angalia pia mito yenyewe: joto la Tanga na jasho hubandua ile ngozi ya bandia, nawe unabaki na vipande vyeusi shavuni na matundu pembeni. Mito hubadilishwa, si lazima utupe kifaa kizima. Au hamia kwenye eafoni za kuingia ndani ya sikio zenye vifuniko vya mpira, ambazo hazijali nywele wala miwani. Ila jaribu saizi zote zilizomo kwenye boksi, maana watu huvaa ile waliyoikuta imeshachomekwa, nyingine wanazitupa, halafu wanamwandikia Bibi.

Nyanya Besi, habari yako? Najifunza udijei hapa Umoja. Niko na hedifoni za Bluetooth za bei kali sana. Nikilinganisha nyimbo mbili, kwa masikio yangu ziko sawa. Kwa spika inakuwa ajali. Rafiki yangu anasema shida ni mimi. – Dijei Mtarajiwa, Nairobi.

Nzuri, mjukuu. Rafiki yako mwache kwanza. Bluetooth haipeleki sauti moja kwa moja. Inaibana, inairusha, upande wa pili inaifungua, na safari hiyo kwa kawaida inakula milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Ukitazama filamu hujawahi kugundua kwa sababu programu nyingi huchelewesha picha ili midomo ifuatane na maneno. Mashine ya dijei haina huruma hiyo. Spika iko sasa hivi, wewe uko nyuma.

Sasa tazama inavyokuwa. Hausi ya mapigo 120 inaleta pigo kila milisekunde 500, kwa hiyo ukichelewa 200 unasikia kabisa kuna kitu hakijakaa. Ukijaribu singeli ya mapigo 300, pigo linakuja kila milisekunde 200 kamili. Maana yake unaweza kuwa nyuma pigo zima, kila kitu kikagongana vizuri masikioni mwako, ukaapa kwa jina la mama yako kwamba uko sawa, na ukumbi mzima ukasimama unakutazama.

Nunua za waya. Ma-DJ wengi wa dunia hii wamevaa Sennheiser HD 25, ambazo zipo tangu 1988. Ni nyepesi, zimefunikwa nyuma, upande mmoja unazunguka ukaacha sikio moja wazi kwa ajili ya spika, na karibu kila kipande kinabadilishwa peke yake: waya, mito, utepe wa kichwani. Sitakudanganya, hazina sura, na zinabana. Saa ya pili sikio litakuomba msamaha. Lakini kubana huko ndiko kunakokusaidia usikie wimbo unaofuata huku spika zinanguruma pembeni. Ukizikuta Luthuli kwa bei ya sahani ya pilau, hizo si zenyewe. Na kama hela haitoshi, hedifoni yoyote ya waya iliyofunikwa nyuma na yenye kukaza vizuri itakufundisha kazi kuliko hizo ulizo nazo, ambazo kwa matembezi ya jioni hazina ubaya wowote.

Bi Besi, salaam. Kijana wangu aliye Ujerumani kaniletea Beyerdynamic DT 770 Pro nisikilizie tekno yangu. Nikichomeka kwenye simu, hata nikimaliza sauti yote, inatoka kwa mbali sana. – Mstaafu, Moshi.

Mzee mwenzangu, salaam na heshima. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifaa. Aina hiyo imetoka ya omu 32, ya omu 80 na ya omu 250, na nadhani kijana wako kakuchagulia ya 250, ambayo ni ya studio na inataka umeme mwingi kuliko unaotolewa na tundu la simu. Tafuta kikuza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye simu, au badilishana na mtu mwenye ya 32. Majirani wakikucheka kwa tekno, waambie akina Juan Atkins walioianzisha kule Detroit ni watu wa rika lako.

Bibi, mwanangu anasikiliza hizo ngoma zake kwenye daladala sauti ikiwa mwisho kabisa, kwenda na kurudi kazini. Nikimwita haitiki. – Mama wa Kijana, Morogoro.

Mwanangu, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Ukifika 98, huna hata saa moja kwa wiki nzima. Kijana wako hapendi kelele kiasi hicho, anashindana na injini. Mnunulie eafoni zinazoziba sikio, au zile zenye kuzima kelele, ambazo zinaumudu vizuri mngurumo wa injini ingawa konda akipiga kelele ya Msamvu atapita tu. Injini ikinyamaza, atashusha sauti mwenyewe. Akipanda bodaboda au akivuka barabara, avue. Na kama anashindwa kuitika akiwa nyumbani, hedifoni ziko mezani na vyombo viko karoni, hilo si tatizo la masikio.

Bibi, nimenunua hedifoni mpya, besi haipo. Muuzaji ananiambia nizipigishe muziki mfululizo wiki mbili, besi itafunguka yenyewe. Nisubiri? – Mvumilivu, Dodoma.

Mito italainika na masikio yako yatazoea, basi. Kamuulize huyo muuzaji mwisho wa kurudisha mali ni siku ya ngapi.