Jinsi ya Kupima Kama Ntimaru Itakulisha Dunia Ikikwama

Wapo wanaotafuta pa kukimbilia siku mafuta yatakapokatika na maduka kufungwa. Wakisikia kuna mashamba Ntimaru, huko Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, swali lao la kwanza huwa bei ya ekari. Ndugu, weka pesa mfukoni kwanza, ufuate hatua hizi.

1. Usipumbazwe na kijani. Kuria ni ngome ya tumbaku nchini Kenya. Jani lake ni pana na linapendeza, lakini hata ulichemshe kutwa nzima halitakuwa sukuma wiki. Isitoshe, linapokaushwa hula kuni, na vilima hubaki vipara. Unapohesabu ekari, hesabu zile zinazoingia chunguni.

2. Kagua ghala. Tia punje za mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayo bado ni mabichi, yarudishwe juani. Mahindi ya akiba hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, yakizidi, yanakaribisha sumukuvu. Ghala lililojaa sumu si akiba, ni msiba unaosubiri siku yake.

3. Ulizia wimbi. Mahindi hushambuliwa na dumuzi upesi. Wimbi likianikwa vizuri hukaa miaka mingi bila kuguswa na wadudu. Boma lenye wimbi ndilo lililojiandaa.

4. Nenda sokoni mwezi wa Juni. Hapo mvua ya masika imepita na mavuno hayajafika. Uliza bei ya gorogoro moja ya mahindi, kisha uliza muuzaji aliyanunua kwa nani, na kwa bei gani. Mara nyingi anayenunua ndiye aliyeyauza kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, ili alipe karo.

5. Pima majirani. Tarime iko ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, Trans Mara iko upande wa pili, na wizi wa mifugo umewahi kumwaga damu katika ukanda huu. Mwenye magunia 20 na uadui na jirani amewawekea wengine. Chagua kijiji ambacho watu bado hupaliliana mashamba na kuzikana.

Uamuzi wangu ni huu: Ntimaru inaweza kulisha watu wake na mgeni juu. Udongo upo, misimu miwili ya mvua ipo, mikono ipo. Hapo Migori, mashirika ya WHO, FAO na WFP pamoja na serikali yamewasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, kwa hiyo njia imeshafunguliwa. Basi mkulima wa Ntimaru, kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa tumbaku, tenga kwanza shamba la wimbi na maharagwe. Kula kwanza, uza kinachobaki.