Polisi wa Baba Zuhura

Mbwa alikuja kwa kazi ya heshima, kulinda mawese. Mapipa yakishajaa uani, kila kivuli cha usiku ni mteja asiyelipa, na Baba Zuhura alikuwa amechoka kuhesabu madumu asubuhi. Akaleta mbwa mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, akamwita Polisi ili wezi wasikie jina wakiwa bado nje ya ua.

Mama mkwe, ambaye ukoo wake ulivuka kutoka Ujiji na katika dini hana mzaha, alisoma sheria siku hiyo hiyo. Mbwa wa ulinzi ruhusa. Mate yake najisi. Chombo atakachotia ulimi kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Mlango wa sebule ukawekewa ubao.

Tungeishi hivyo kwa amani kama daktari asingemwambia Baba Zuhura kuwa sukari imepanda, atembee. Sasa wewe jaribu kutembea Rumonge mikono mitupu. Mtu mzima asiye na jembe, ndoo wala baiskeli huulizwa kila kona: "Shamba lenu siku hizi liko huku?" Ukijibu unatembea tu, wanakuangalia kwa huruma na kuuliza nani kafiwa. Ndipo mume wangu akapata ujanja: anamtembeza mbwa. Mbwa akawa udhuru, na mimi nikaambiwa niwasindikize, eti mbwa ananisikia zaidi. Kweli ananisikia. Mimi ndiye ninayempa ugali.

Njia ya kwanza hupanda kutoka mjini, ikapita kwenye michikichi na kuishia ukingoni mwa vilima vya miombo vya hifadhi ya Rumonge. Asubuhi isiyo na ukungu unaona ziwa lote chini, na ng'ambo rasi ya Ubwari upande wa Kongo. Mandhari ni mazuri, ila hayapati mtazamaji mwingine, kwa sababu hapo kila mtu ana mzigo. Wanawake wana mikungu ya chikichi kichwani, vijana wanashuka na madumu ya njano kwenye baiskeli zisizo na breki, wakipiga mluzi badala ya kengele. Polisi aliwapisha kwa kuingia kichwa kichwa kwenye shimo la mashapo, penye mtambo wa kukamua. Alitoka rangi ya machungwa hadi kwenye kope.

Alipofika nyumbani ubao wa sebule haukumzuia hata kidogo. Alikatiza juu ya mkeka wa kuswalia wa mama mkwe, akajikung'uta katikati. Ukimya uliofuata niliuogopa kuliko kelele. Kisha tukaanza: maji, udongo, maji tena. Udongo kwenye mawese haufui, unapaka rangi. Ikabidi najisi ishughulikiwe kwa fiqhi na mafuta kwa sabuni, nayo sabuni yenyewe ya mtaani imepikwa kwa mawese na magadi. Mkeka sasa ni safi kisheria. Kwa macho, bado ni wa Polisi.

Kule Kigwena, msitu ulio kusini mwa mji kando ya barabara ya Nyanza-Lac, hatukumpeleka. Mbwa na hifadhi haviendi pamoja: huwinda, na huacha maradhi yake kwa wanyama wa mwituni. Ikabaki njia ya ziwani, ambayo mama mkwe aliipinga kwa sababu ya Gustave, yule mamba aliyekuwa akitajwa tangu mdomo wa mto Rusizi hadi kwetu huku. Nina imani kila mwaka asipoonekana, huongezeka mita moja. Tukakubaliana tu kukaa mbali na matete.

Njia ya ziwani si ile ya zamani. Maji yalipopanda, na mwaka 2024 yakaingia hadi majumbani, ufuko mpana ulipungua. Waanikaji wa ndagala, wavuvi, wapita njia na kuku, wote wamebanana kwenye ukanda mmoja wa mchanga. Wenye uwezo huanika juu ya vichanja vya waya, samaki hakauki na mchanga wala hafikiwi na kuku. Wengine hutandika nyavu kuukuu chini, ndagala wakalala humo wanang'aa, kila mmoja hazidi kidole.

Polisi alivuta pumzi mara moja tu. Kamba ikanitoka mkononi. Nami nikafanya ambalo mwenye mbwa yeyote angefanya, nikapaza sauti:

"Polisi! Polisi!"

Sijawahi kuona ufuko ukiwa mtupu upesi namna ile. Nyavu zenye macho madogo, zile zilizopigwa marufuku, zilikunjwa, zikapotea chini ya mitumbwi. Vijana wawili waliingia ziwani na nguo zao. Hata mama mwenye ndagala alikimbia, ingawa hakuwa na kosa lolote. Alisema baadaye miguu ilimtangulia. Polisi akabaki peke yake na mlo, akala bila haraka.

Suluhu ilichukua asubuhi nzima, chini ya mwembe, na wazee wawili. Mwenye ndagala hakutaka faranga zetu.

"Mama Zuhura," aliniambia, "hasara nimeshaisamehe. Lakini kunguru na kuku wananimaliza. Huyo mbwa si wa ulinzi?"

Basi kila asubuhi Baba Zuhura anashuka naye ziwani, anamfunga kamba fupi kando ya nyavu, anakaa kwenye gogo akipiga soga na wavuvi. Daktari alisema atembee, nasi tunahesabu kwenda na kurudi. Kunguru wamehama. Wavuvi wana sharti moja tu: jina libadilishwe. Mume wangu amependekeza Komanda, wakakataa. Akapendekeza Mwanamaji, wakakataa kwa sauti zaidi. Mama mkwe, ambaye siku hizi humtengea mifupa na kujidai hajui nani kaiweka, amesema aitwe Mgeni, lakini mbwa haitiki.