Jinsi ya Kushinda Tuzo kwa Kambi Iliyokwisha Kufungwa

Ndugu msanii wa video, hongera kwa kuichagua kambi ya wakimbizi ya Lukole. Wenzako hukimbilia kambi za Kakuma na Zaatari, ambako wakimbizi bado wapo na wana tabia mbaya ya kuuliza picha zao zinapelekwa wapi. Lukole haina usumbufu huo. Kambi ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 2000, Warundi wakarudi kwao au wakahamishiwa kwingine. Leo ukishuka Benaco, wilayani Ngara, Tanzania, utakuta malori yaendayo Rwanda, mama lishe na moto wao, na vijana wa bodaboda ambao wengi hawakuwa wamezaliwa mambo yalipoanza. Wa kukusahihisha ni wachache, na hawataalikwa.

Anza na tarakimu, maana waamuzi wa tuzo hupenda tarakimu ukutani. Unayo moja nono: mwishoni mwa Aprili 1994, kwa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Iandike kwa herufi nyeupe kwenye ukuta mweusi. Usiongeze kwamba hao walipiga kambi Benaco, na kwamba Lukole ilikuja kuwa ya Warundi, waliokimbia vita vilivyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Mtazamaji wako amesimama na glasi ya mvinyo mkononi, ya nini kumchanganya? Wala usigusie kwamba Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, na Mrundi wanaelewana lugha, wakauziana ndizi na kuitana kwenye vibarua vya shamba. Mkimbizi anayepunguziwa bei sokoni hashindi tuzo.

Kisha rangi. Mwalimu wetu hapa ni Richard Mosse wa Ireland, aliyeingia mashariki ya Kongo na filamu ya Kodak Aerochrome. Filamu hiyo ilibuniwa ili wanajeshi wamwone adui aliyejificha kwenye majani, na Kodak walikuwa wameshaacha kuitengeneza. Inageuza kijani kuwa waridi. Basi milima ya Kivu ikawaka waridi kama keki ya harusi, na wapiganaji wakasimama humo na bunduki zao. Kazi hiyo, The Enclave, ilionyeshwa kwenye skrini sita katika banda la Ireland kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikamletea tuzo ya picha ya Deutsche Börse. Ni nzuri kweli, na hilo ndilo linaloudhi. Baadaye alihamia kwenye kamera ya kijeshi inayonasa joto la mwili wa mtu aliye umbali wa kilomita 30, akawapiga picha wakimbizi waliokuwa Ulaya na Mashariki ya Kati. Safari hiyo alipata tuzo ya Prix Pictet ya 2017. Faida ya kamera hiyo kwako ni kubwa: sura haitambuliki vizuri, kwa hiyo hata fomu ya ridhaa unaweza kuiahirisha.

Siku hizi, hata hivyo, kutazama hakutoshi. Mtazamaji lazima ashiriki. Januari 2015 filamu ya Clouds Over Sidra, ya binti wa Kisyria aliyekuwa kambini Zaatari, iliwafikia wakubwa wa mkutano wa uchumi wa Davos kwa miwani ya uhalisia pepe. Wakageuza shingo huku na huku, kisha wakaivua. Mwaka 2017 mwongozaji wa filamu Alejandro González Iñárritu akaja na Carne y Arena: unavua viatu, unaingia peke yako kwenye mchanga, unavaa miwani, na unakamatwa kwenye mpaka wa Marekani pamoja na wahamiaji. Akapewa Oscar maalumu. Waliovuka Rusumo pekupeku bila miwani hawakupewa kitu, lakini ni kosa lao, hawakujaza maombi kwa wakati.

Kwa Lukole nakushauri hivi. Tandaza turubai la bluu na nyeupe ukuta mzima, uweke kihisio. Mtu akisogea, turubai lipepee. Akirudi nyuma, mtoto alie. Panga foleni ya mgao wa mahindi, maharage na mafuta, lakini iwe ya dakika tano, maana watu wana ratiba. Na sakafuni chora mstari: akiuvuka, king'ora kilie, kwa sababu mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Kihisio kimoja, historia nzima.

Sasa nikupe siri ambayo waamuzi wasiisikie. Video ya kushirikisha watazamaji tulikuwa nayo zamani. Ingia banda la video, popote kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala. Jenereta linanguruma nje, mabenchi ya mbao yamejaa, joto la watu, na mbele televisheni moja. Msimuliaji ameshika maikrofoni. Anampunguzia sauti mwigizaji wa Kimarekani, anampa jina la mtaani, anamzulia mke na madeni, anamtabiria kifo kabla risasi haijatoka. Watazamaji wanambishia, naye anawajibu palepale, kisha filamu inaendelea njia nyingine kabisa na ile aliyoikusudia mwongozaji wake. Kapteni Derick Gasper Mukandala, yaani Lufufu, alijijengea jina nchini kwetu kwa kazi hiyo. VJ Jingo naye Uganda. Skrini ipo, sauti ya papo kwa papo ipo, na watazamaji wanaibadilisha kazi wakiwa ndani yake. Kilichokosekana ni andiko la msanii la kurasa mbili, na kiingilio kilikuwa shilingi kidogo mno. Kwa hiyo si sanaa.

Jihadhari pia na Alfredo Jaar wa Chile. Alikwenda Rwanda Agosti 1994, baada ya mauaji ya kimbari, akapiga picha maelfu, na mwaka 1995 akazifungia kwenye masanduku meusi, juu ameandika kilichomo ndani. Unasoma, huoni. Halafu mwaka 1997 akamwaga juu ya meza ya taa slaidi milioni moja, zote za macho yaleyale ya mtoto aliyeona wazazi wake wakiuawa. Mradi mzima ulimla miaka sita. Hasselblad walimpa tuzo yao mwaka 2020, lakini wewe una tarehe ya mwisho Ijumaa.

Wala usitazame Enjoy Poverty ya Renzo Martens, ya 2008. Mholanzi huyu aliwashawishi wapiga picha wa harusi wa Kongo waache maharusi wakawapige picha watoto wenye utapiamlo, kwa kuwa huko ndiko kwenye fedha. Walipobisha hodi kwa wenye hospitali, wakanyimwa ruhusa. Umaskini wetu una soko, ila leseni ya kuuchimba haitolewi hapa.

Ukiulizwa kwa nini hukuwashirikisha wasanii wa Kitanzania, sema hawapo. Usimtaje Rehema Chachage, aliyesomea chuo cha sanaa cha Michaelis, Cape Town, na ambaye kwa miaka mingi ametengeneza video na sauti kutokana na habari za wanawake wa ukoo wake. Tanzania yenyewe ilifungua banda la taifa Venice mwaka 2024 tu, kwa hiyo uongo wako una nafasi ya kuaminika. Na hata banda likiwapo halizuii kitu: mwaka 2015 la Kenya lilipangiwa Wachina wengi kuliko Wakenya, hadi serikali ikalikana.

Ukishapokea kitita na kikombe, fanya jambo moja lisilo kwenye masharti ya shindano. Ilete kazi Ngara uionyeshe Benaco usiku, kwenye ukuta wowote uliopakwa chokaa. Tangaza mapema kupitia Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi na kusikilizwa kambini enzi hizo. Mpe kijana wa huko maikrofoni, na umwache aseme anavyotaka juu ya picha zako. Waalike na Warundi waliorudi kwao Muyinga, Ruyigi na Kirundo. Nauli utawalipia wewe.