Kikao cha Dharura Chini ya Dohani

Januari, huko Vermont, Marekani, baridi haina mzaha. Jiko la kuni la chuma, jipya kabisa, halijatimiza wiki sebuleni na tayari lina kesi: mwenye nyumba analifunga hewa, moto nao unazidi kunguruma. Akaliacha lipoe. Wenye nyumba walipolala, kikao kikaanza.

"Mimi sivuji," alisema Jiko kabla hajaulizwa. "Kuna aliyeuona moshi ukitoka?"

"Siku ya kwanza ulinukisha nyumba nzima," Trei ya Majivu akamkumbusha.

"Ile ilikuwa rangi! Jiko jipya likiwashwa mara chache za mwanzo, rangi yake hutoa moshi na harufu hadi ikomae. Mngefungua madirisha tu."

Kwa hilo Jiko alisema kweli, na akajiona ameshinda kesi.

Dohani akakohoa. "Mdogo wangu, kazi yangu ni kuvuta. Nikipata joto, hewa inapanda, na presha ndani mwako inashuka chini ya ile ya sebuleni. Penye tundu, hewa ndiyo inayoingia. Moshi hauna sababu ya kutoka. Ndiyo maana wanakufunga na bado unawaka. Na moto usiozuilika unaishia kwangu. Masizi yangu yakishika, tutazungumza habari za paa."

Kimya. Kijiti cha Udi akaomba kutoa ushahidi. Mchana, jiko likiwaka, alikuwa amepitishwa kila mahali. Kwenye viungo vya bomba moshi wake ulipanda wima, pembeni mwa kioo vilevile. Alipofika kwenye mlango mdogo wa majivu, moshi ukalala ghafla na kunyonywa ndani.

"Huo mlango si idara yangu," akawahi Gasketi ya Mlango Mkubwa.

Akaitwa mkaguzi, Noti ya Dola Moja. Utaratibu wake ni mwepesi: anafungiwa mlangoni, kisha anavutwa. Akikatalia, gasketi imebana; akichomoka, haikubana. Mlango mkubwa ulimkatalia pande zote. Mlango wa majivu ulimshika juu na ubavuni, lakini kwenye pembe ya chini alichomoka bila hata mkunjo. Kuchomoka anakujua, ni noti.

Wakachungulia. Kipande cha mkaa, ukubwa wa njegere, kilikuwa kimekaa kati ya gasketi na fremu.

"Nimekikalia tangu juzi," alilalama Gasketi Ndogo.

"Ulimwambia nani?"

"Trei."

"Nilidhani Jiko anajua," Trei akajitetea.

Jiko akapendekeza gasketi zote zibadilishwe, viungo vyote vipakwe saruji ya moto, na fundi aitwe kutoka mjini.

"Kwanza brashi," alisema Dohani. "Wakishafagia, Noti ajaribu tena. Akichomoka, ndipo tuzungumze gasketi mpya."

Jiko akataka iandikwe kwamba kosa lilikuwa la ngazi ya chini. Noti, kwa upande wake, akauliza posho ya kikao italipwa lini.