Namna ya Kuhama Lugha Bila Kuhama Kiti

Hongera kwa kupata kazi ya kutaipu kwenye saiba ya hapa sokoni, kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Kambi ilifunguliwa 1992, kwa hiyo wateja wako ni mabingwa wa fomu; mgeni ni wewe.

Anza na Kisomali, ujipe moyo. Tangu 1972 kinaandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, hivyo kibodi ya Kiingereza inatosha. P, V na Z zipumzishe. X ni ile ha ya kooni, kwa hiyo mzee akikutajia jina lake, muulize kwanza: ni Xasan wa barua ya Minneapolis au Hassan wa kadi ya mkimbizi? Ukiwachanganya, mmoja wao atalala njaa.

Sasa ameingia mwalimu wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, anataka Kiarabu. Kwenye Windows, bonyeza Alt na Shift kwa pamoja. Wala usijisumbue: vidole vitabonyeza vyenyewe ukitafuta herufi kubwa, hasa fomu ya Kiingereza ikiwa nusu. Utaandika Ali, kioo kikupe شمه, na nukta ikimbilie kushoto. Bonyeza tena. Kikija Kiamhari, ambacho kila konsonanti ina sura saba, bonyeza upesi mteja asije akajua unacho. Stika za Kiarabu ulizobandika zitachubuka kwa vumbi na jasho, ya alif kwenye H ikitangulia.

Uhondo wenyewe uko kwenye neno la siri. Hapo unaona vidoti tu, na vidoti havina kabila. Mteja ataapa kwamba neno ni lile lile, nawe utaapa umepiga lile lile, na nyote mtakuwa mnasema kweli mpaka akaunti ifungwe. Waoga huangalia kwanza kijisanduku cha lugha pale pembeni chini, au huliandika neno mahali linapoonekana, saiba nzima ikasoma.

Barua ya chifu, ya Kiswahili, haidai kibodi yake. Inadai kifua, maana programu itaipigia mistari myekundu kuanzia salamu hadi sahihi.

Na akija anayetaka Kiarabu na Kisomali kwenye mstari mmoja, namba ya simu katikati, mwambie jenereta imezimika. Sema kwa sauti ya juu, asije akashindwa kukusikia kwa jinsi inavyonguruma.